Bakshishi Niliyopewa Kabla ya Radi

Wanangu, mmeniuliza habari za bakshishi, na najua kwa nini mmenijia mimi. Nimebeba mifuko ya gofu chini ya milima hii ya Uluguru miaka mingi, kisha nikawa msimamizi wa makedi mpaka magoti yakanikatalia. Mnadhani nina dawa. Mnataka niwaambie mchezaji anasalimiwaje na anachekewa vipi hadi mkono wake uingie mfukoni wenyewe. Hayo nitayasema, wala si mengi. Lakini nikigusa habari za bakshishi mwili unanisisimka hadi leo, na ni heri mjue sababu, maana na ninyi mtapewa.

Wale wa baa na wa vyumba vya kubadilishia nguo mnisikilize pia. Msidhani nawasema makedi peke yao kwa sababu wao ndio wanaotembea na mchezaji, kumbebea fimbo zake na kumtafutia mpira majanini. Mkono unaopokea ni ule ule.

Mimi sikuanzia gofu. Nilitoka Mikese nikiwa msichana, nikaajiriwa kiwandani hapa mjini, idara ya kushona magunia. Huko nilijifunza vitu viwili, kushona na kuogopa. Siku hizo sote tulikuwa ndugu: meneja ndugu, mfagiaji ndugu, na ndugu hampi ndugu bakshishi. Mwenzetu mmoja alipokea kitenge kutoka kwa dereva wa lori lililokuja kuchukua mzigo. Alisimamishwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi, kitenge kikainuliwa juu tukione, naye akalia mbele yetu sote. Nilikuwa nimesimama safu ya pili. Tangu siku hiyo mtu akininyooshea hata kipande cha muwa nilikuwa natazama nyuma kwanza.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu, mitumba ikamwagwa sokoni, na kiwanda chetu kikaanza kupunguza watu ili kipendeze machoni pa mnunuzi. Nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye mashamba ya miwa, na mimi nilikuwa na watoto wawili, Asha na mdogo wake, na chumba cha kupanga Kilakala. Jirani akaniambia klabu ya gofu inatafuta watu wa kubeba mifuko, kwa sababu wawekezaji wameanza kuja na wale makedi wa zamani hawatoshi. Nikaenda. Wanaume walicheka walipomwona mama na khanga yake mlangoni. Nikaunyanyua mfuko mzito kuliko yote uliokuwa pale barazani, nikauzungusha ukumbi mzima. Mtu aliyebeba marobota ya magunia hatishwi na fimbo kumi na nne.

Barazani, ukutani, palikuwa na mraba wa rangi safi kuliko ukuta wote. Mzee Kibwana, kedi mkongwe kuliko wote, ndiye aliyenieleza.

"Hapo palikuwa na kibao," alisema. "Kiliandikwa hairuhusiwi kumpa mfanyakazi bakshishi. Wamekitoa mwaka huu. Sasa ruksa."

"Kwa hiyo sasa tunapewa?"

"Tunapewa. Kazi ni kujua kupewa."

Sikujua. Siku ya kwanza mchezaji aliponikabidhi noti pale tulipomaliza, niliipokea nikidhani ananiomba nimshikie. Alipoingia ndani nikamkimbilia hadi baa, watu wakitazama, nikamwambia, "Bwana, umesahau pesa yako." Baa nzima ilicheka. Yule bwana aliona haya kuliko mimi, na kwa wiki mbili hakunipa mfuko wake.

Mzee Kibwana aliniita pembeni. Alikuwa mtu wa milimani, mfupi, mwenye vidole vigumu vya jembe, na hakuwa akipaza sauti. Alinifundisha kama mtu anavyofundisha kupanda mbegu. Alisema, mkono wako usitangulie. Ukae ubavuni mpaka wake uje. Ukipewa, funga kiganja papo hapo, mtazame mtu usoni, sema asante bwana au asante mama, basi. Usifungue kuangalia. Akikupa kidogo, asante ile ile. Asipokupa, muage vizuri, futa fimbo zake kama kawaida, maana wengine husahau na kesho hukumbuka, na wengine wamepoteza mchezo na hawataki kuona uso wa mtu. Usimsimamie kwenye gari lake. Gari ndilo linaloonyesha njaa.

Kosa la pili nililifanya mwenyewe baada ya masomo hayo. Mchezaji mmoja aliniuliza kwa utani mwenzake hunipa kiasi gani, nami kwa upumbavu nikamtajia. Kufika jioni wale wawili walikuwa wamenuniana, mmoja anaonekana bahili, mwingine anaonekana anajionyesha. Niliitwa ofisini. Nilisimama mbele ya meza ya katibu, nikakiona kile kitenge cha mwenzangu kimeinuliwa juu. Walinisamehe. Tangu hapo, alichonipa mtu ni baina yangu na yeye.

Sasa nije kwa Bwana Faraji.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, aliyekuja Morogoro kutafuta kiwanda cha kununua, akapapenda, akabaki. Mtu mkubwa wa mwili, mcheshi, mwenye sauti ya kufikia ng'ambo. Alijua majina yetu na ya watoto wetu. Alikuwa anatoa kuliko wachezaji wote, na akitoa haoni kama ametoa. Aliponichagua mimi kuwa kedi wake wa kila Jumamosi, wenzangu walinionea wivu waziwazi. Watoto wangu walianza kuvaa viatu. Na mimi, bila kujijua, nikaanza kuwa mtu wa Bwana Faraji. Akikohoa nageuka. Akisema mpira umepita kulia, nami niliyeuona ukipita kushoto, naanza kutafuta kulia. Mzee Kibwana aliliona hilo. Aliniambia mara moja tu, "Mama Asha, huyo bwana mpende, lakini macho yako yaache yawe yako." Nilikasirika kimoyomoyo. Nilidhani na yeye ana wivu.

Mnajua jinsi mvua inavyokuja hapa wakati wa masika. Haiji kutoka mbali mkaiona. Inashuka mlimani. Kunakuwa na jua, kunakuwa na joto la kubana kifua, halafu wingu linakalia vilele, linakuwa jeusi chini na jeupe juu, na ukigeuka kidogo tayari limekufika. Makedi wa milimani walikuwa wanaiogopa radi kwa adabu, hawaiongelei kwa jina mvua ikiwa karibu. Klabu ilikuwa na kengele yake, kipande cha reli kilichoning'inizwa nyuma ya jiko. Kikigongwa kwa nguvu na haraka, kila mtu anatakiwa kurudi. Siku hizo lakini ilikuwa ni ombi tu. Mchezaji akitaka kuendelea, nani angemkataza?

Jumamosi hiyo Bwana Faraji alikuwa na mgeni, Mzungu mmoja mrefu, mkimya, aliyekuja kuzungumza naye habari za mashine. Mimi nilimbebea Bwana Faraji mfuko, Mzee Kibwana akambebea mgeni. Na siku hiyo Bwana Faraji alikuwa anacheza mchezo ambao hajawahi kuucheza maishani. Kila anachopiga kinanyooka. Mpira unaingia shimoni kana kwamba umeitwa. Alikuwa anacheka peke yake. Tulipomaliza shimo la saba, ambalo ndilo lililo mbali kuliko yote na klabu, yalibaki mashimo mawili kati ya tisa, naye alikuwa karibu kuvunja rekodi yake mwenyewe.

Mzee Kibwana alisimama akatazama mlima. Nami nikatazama. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mashamba ya migomba. Hapakuwa na upepo. Ndege walikuwa wamenyamaza, na hilo nililitambua baadaye, kwamba kwa muda mrefu nilikuwa sijasikia ndege hata mmoja.

Kengele ikalia.

Yule mgeni hakuuliza. Alimpa Mzee Kibwana fimbo, akageuka, akaanza kutembea kwa hatua ndefu kurudi. Bwana Faraji hakusogea.

"Bwana, kengele," nikamwambia.

"Nimeisikia. Mashimo mawili tu, Mama Asha. Dakika ishirini."

"Mvua hii, Bwana..."

"Kwani wewe ni chumvi?" Akacheka. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa shati langu, hapa kifuani. Hakuzihesabu. "Hizo za kabla. Tukimaliza kuna nyingine."

Mzee Kibwana alikuwa ameshaanza kuondoka na mfuko wa mgeni. Alirudi hatua tatu, akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba Bwana Faraji hayupo:

"Mama Asha, weka mfuko chini."

Nikamjibu, na maneno haya yananirudia usingizini hadi leo: "Mzee, mashimo mawili tu."

Sikusema kwa kinywa changu. Nilisema kwa kinywa cha Bwana Faraji. Mzee alinitazama, akatazama mfuko wa shati langu, akaondoka.

Tukaenda. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya uvuguvugu. Bwana Faraji alipiga mpira wake, ukaenda vizuri hata kwenye ukungu ule. Ngurumo ya kwanza ilitoka nyuma ya mlima, ya pili ikatoka huku kwetu. Niliogopa, wanangu. Msidhani sikuogopa. Niliogopa hadi meno yakawa yanagongana. Lakini niliogopa zaidi kumwambia mtu yule hapana. Niliona Jumamosi zijazo mfuko wake uko begani kwa mwingine. Hofu ndogo ilikuwa imeificha kubwa.

Mvua ikafunguka yote kwa mara moja. Hatukuiona bendera ya shimo. Karibu na njia palikuwa na mkaratusi mrefu, umesimama peke yake ukingoni mwa mtaro, na Bwana Faraji akakimbilia hapo, akafungua mwavuli.

"Njoo hapa, Mama Asha! Usilowe bure!"

Aliniita kwa wema. Hilo nataka mlijue. Hakuwa mtu mbaya aliyetaka nife, alikuwa mtu aliyetaka nisilowe. Nikaenda nikasimama naye chini ya mti, mfuko begani, fimbo za chuma zimechomoza juu ya kichwa changu.

Hapo ndipo nilipozisikia. Fimbo zilikuwa zinavuma. Sauti nyembamba, kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Nywele za mikononi zilisimama zote, na shingo ikaniwasha. Nilitaka kukimbia na miguu ikakataa, kama unavyotaka kupiga kelele ndotoni.

"Toka chini ya mti!"

Alikuwa Mzee Kibwana. Alikuwa amemwacha mgeni mahali baraza linapoonekana kisha akarudi, mbio, mzee wa umri ule, bila viatu, bila kofia, akiteleza kwenye majani. Hakunipa nafasi ya kujibu. Alishika mkanda wa mfuko akauvuta, ukanichomoka begani, fimbo zikamwagika. Akanishika mkono akanikokota hadi kwenye bonde dogo upande wa pili wa njia. "Chuchumaa! Miguu pamoja! Usilale!" Kisha akasimama nusu, akageuka kumwita Bwana Faraji.

"Bwana! Njoo huku, Bwana!"

Bwana Faraji aliinua mkono, kama mtu anayesema tangulieni tu, nakuja.

Sikusikia mlio. Watu huniuliza ulikuwaje, nami sikuusikia. Niliona weupe tu, mpaka ndani ya kichwa, na ardhi ikanirusha chini kifudifudi. Nilipoinua uso palikuwa na harufu ya kitu kilichoungua na harufu ya mkaratusi, kali kama dawa ya mafua. Mti ulikuwa umechanika toka juu hadi chini, magome yake yametawanyika mbali. Mzee Kibwana alikuwa ameketi kwenye maji, ameshika sikio la kushoto, na damu inapita katikati ya vidole. Midomo yake ilikuwa inasema neno, silisikii. Alikuwa ananyoosha kidole kuelekea mtini.

Bwana Faraji alikuwa amelala kifudifudi. Kiatu kimoja kilikuwa hakipo.

Sote tumekuzwa tukiambiwa aliyepigwa na radi haguswi mpaka aje anayejua mambo yake. Nilifika hatua mbili kutoka kwake nikasimama. Mkono haukutaka kwenda. Kilichoniokoa ni kiwanda. Kila mwaka alikuwa anakuja muuguzi kutufundisha huduma ya kwanza, na mgonjwa wetu alikuwa gunia lililojazwa mabaki ya magunia, ambalo tulilipa jina na tukalichekea sana. Nikajilazimisha kuliona lile gunia. Nikamgeuza. Hakuwa anapumua. Nikaweka viganja kifuani pake nikaanza kusukuma, nikihesabu kwa sauti kama tulivyofundishwa, mvua ikinipiga mgongoni na radi nyingine zikianguka huko na huku.

Na hapo, katikati ya kusukuma, nilizihisi noti. Zilikuwa zimelowa, zimening'ang'ania kifuani kama jani. Wazo likanijia lenyewe: akifa, watauliza alikuwa anafanya nini huku baada ya kengele. Watauliza mimi nilikuwa nafanya nini. Watazikuta hizi. Watasema nimemwibia maiti, au watasema nimelipwa kumuua, au watasema ukweli, na ukweli nao sikuutaka.

Alikohoa. Kikohozi kidogo, kama cha mtoto aliyepaliwa. Kisha akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Nililia kwa sauti. Kwa mbali nikaona watu wanakuja na machela ya mbao. Na kabla hawajafika, wanangu, nilifanya jambo. Nilizitoa zile noti kifuani nikazitupa kwenye mtaro. Maji yalikuwa ya kasi, mekundu, yakazimeza mara moja. Nikageuka. Mzee Kibwana alikuwa ananitazama.

Bwana Faraji alilala hospitali kwa muda, mguu umeungua, mkono mmoja hauna nguvu. Aliporudi klabuni, akitembelea fimbo ya mkongojo, walimfanyia karamu. Alisimama akasema hakumbuki chochote cha siku ile, tangu chai ya asubuhi mpaka dari la wodi. Daktari alimwambia hutokea kwa waliopigwa na radi. "Ninachojua ni nilichoambiwa," alisema, "kwamba kila mtu alikimbia, na mama huyu hakunikimbia." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Nilimtafuta Mzee Kibwana kwa macho. Alikuwa ameketi pembeni, na pamba sikioni.

Kamati ikanipa usimamizi wa makedi kwa pendekezo la Bwana Faraji. Nikapewa meza, daftari na mshahara wa mwezi. Na ndipo nilipoanza kuishi kwa hofu ya kweli, maana ile ya radi ilikuwa ya dakika chache. Hii ilikuwa ya miaka. Kila gari lake lilipoingia getini niliinamia daftari. Akiniita "Mama Asha!" kwa ile sauti yake, nilikuwa namwangalia usoni kwanza kuona kama leo amekumbuka. Nilipanga zamu kwa ujanja ili mfuko wake nisiubebe tena mimi. Akinipa kitu cha sikukuu nasema, "Wape vijana, Bwana," watu wakanisifu kwa kutokuwa na tamaa.

Mzee Kibwana hakurudi kusikia kwa sikio lile. Niliwahi kumfuata nyumbani kwake mlimani, nikamkuta anamenya maharage.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepandisha mlima wote huu kuniletea nini?"

"Nataka kusema ukweli wa siku ile. Kwa kamati."

Akageuza kichwa, akaniletea sikio la kushoto. "Eti?"

Nikarudia.

"Huko sisikii," alisema, akaendelea kumenya. Nilikaa mpaka maharage yakaiva, tukala, na kila nilipoanza habari ile aligeuza kichwa. Sikujua kama ananisitiri au ananiadhibu. Aliaga dunia bila kuniambia.

Nilichoweza kufanya ni kengele. Kwa kuwa nilikuwa shujaa wao, niliwaambia kamati kuwa reli ikigongwa kila kedi ataweka mfuko chini pale pale alipo na kurudi, na mchezaji asimwombe wala asimpe kitu ili abaki. Walikubali. Ninyi mnaiona sheria ile kama jambo la kawaida tu, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Nilifundisha pia mengine, yale ya Mzee Kibwana: mkono ukae ubavuni, kiganja kifungwe, asante moja tu. Nikaongeza la kwangu. Bakshishi huja kazi ikishaisha. Inayokuja kabla, irudishe kwa heshima, sema, "Bwana, utanipa tukimaliza." Akiwa mtu wa kawaida atacheka na kuirudisha mfukoni. Akikasirika, basi alikuwa ananunua kitu, na mlikuwa hamjaambiwa ni kitu gani. Makedi walinisikiliza, wakaitika, na hakuna aliyeniuliza nimeyajuaje.

Halafu Bwana Faraji akaamua kuhama. Biashara haikuwa ilivyokuwa, na watoto wake walimtaka arudi Dar. Alikuja kuniaga, akavuta kiti mezani kwangu, akakaa.

"Mama Asha, nikuulize. Kwa nini hukuwahi kusema?"

"Kusema nini, Bwana?"

"Kwamba kengele ililia. Kwamba nilikutia noti mfukoni ubaki."

Kalamu ilinitoka mkononi. Sikuiokota.

"Umekumbuka lini?" nikauliza.

"Siku ya pili, hospitali." Alikuwa anatazama viganja vyake. "Yote. Mpaka Mzee Kibwana anavyoniita. Niliogopa. Mwekezaji mpya, karibu nimwue mama wa watu kwa sababu ya mchezo. Nikasema sikumbuki. Kisha nikaogopa wewe utasema. Nikaona ukipata cheo hutasema."

Mimi nilikuwa nimeogopa miaka yote kwamba atakumbuka, naye alikuwa ameogopa miaka ile ile kwamba nitasema, na kila alipoingia getini tulikuwa tunachekeana. Niliitazama meza, daftari, kiti nilichokalia. Nilikuwa nimevipokea vyote kwa mikono miwili nikisema asante bwana.

"Mzee Kibwana alipoteza sikio," nikamwambia.

"Najua. Sikuweza kumtazama." Akasimama kwa shida. "Sasa utasema?"

"Kwa makedi. Kwao nitasema."

Hakunizuia. Aliniaga, akashuka ngazi polepole, na sikumwona tena.

Asubuhi iliyofuata niliwakusanya wote nyuma ya jiko, kabla wachezaji hawajafika. Niliwaambia kama nilivyowaambia ninyi: noti, mashimo mawili, mti, sikio la Mzee, mtaro, cheo. Sikujipunguzia. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilipomaliza nikadhani yamewaingia.

Kisha kedi mmoja, mtu mzima, mwenye watoto wanne, mtulivu kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mama. Alikupa kiasi gani?"

Hakuna aliyecheka. Wote waliinua nyuso, wakangoja. Nikaona kwamba kila mmoja ameandaa mizani moyoni, na kwamba nikitaja kiasi, wengine watasema ni kidogo mno kwa hatari ile, na wengine, kimya kimya, wataona kinatosha. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa chini ya ule mkaratusi.

Sikumtajia. Na ninyi, hata mkinibembeleza, sitawatajia.